Tatizo Likikushinda, Litegee Kitendawili

Ukikwama kazini, kabla hujaanza kuhangaika na wazo jipya, sikiliza kwanza unavyolitaja tatizo lako. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, na kwa miaka mingi mwezi wa Januari pale kibandani ulikuwa na jina moja tu: vita. "Mama, vita vimeanza," ndivyo kijana wangu wa overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, alivyokuwa akinipokea asubuhi akiona wazazi wamejipanga mlangoni na mifuko ya vitambaa.

Na kwa kuwa ni vita, kila tulichowaza kilikuwa cha kivita. Tuongeze watu, yaani mafundi wa kukodi. Tukeshe. Mzazi anayeuliza sana tulimwona adui, na "njoo kesho" ndiyo ilikuwa ngao yetu. Hakuna aliyekaa chini akayapanga mawazo hayo. Yalikuja yenyewe, yamepanda mgongoni mwa lile neno.

Jambo hili limepimwa na wasomi. Mwaka 2011 Paul Thibodeau na Lera Boroditsky, huko Marekani, waliwapa watu maelezo mafupi kuhusu uhalifu katika mji wa kubuni. Kundi moja lilisoma kwamba uhalifu ni mnyama anayeuwinda mji, kundi la pili kwamba ni kirusi kinachouambukiza. Takwimu walizopewa zilikuwa zilezile. Waliosoma "mnyama" walielekea zaidi kutaka polisi waongezwe, watu wakamatwe, wafungwe. Waliosoma "kirusi" walielekea zaidi kutafuta chanzo na kurekebisha maisha ya watu. Walipoulizwa nini kimewashawishi, wengi wakataja takwimu. Neno lenyewe hawakuliona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii: chukua karatasi, andika tatizo lako kwa maneno yaleyale unayolalamikia nayo kwa mwenzako, bila kuyapamba. Kisha pigia mstari vitenzi. Tumezidiwa, tumebanwa, wanatukimbia, biashara imelala. Kila kimoja kimebeba picha, na picha hiyo ndiyo imekuwa ikikuchagulia majibu. Usiichukie, huenda inakufaa. Lakini ijue.

Ficha jina, acha tabia

Sasa tega kitendawili. Wote tumekulia kwenye "Kitendawili!" na "Tega!", kwa hiyo hapa hakuna somo geni. Angalia tu kinavyofanya kazi. "Kuku wangu katagia miibani." Jibu ni nanasi. Kuku na nanasi hawana undugu wowote, si ukubwa, si sauti, si ladha. Aliyetunga alilificha jina la tunda akabakiza tabia moja, kitu kizuri kilichokaa katikati ya miiba, kisha akampa tabia hiyo kiumbe mwingine.

Fanya hivyohivyo kwa tatizo lako. Ondoa kila neno la kazi yako. Kwangu nilikataza fundi, sare, shule, Januari na mteja. Bakiza linalotokea tu. Chetu kilikuwa hivi: "Siku za kawaida hakuna anayekiulizia, siku ikifika wote wanakitaka kwa mlango mmoja, na kila mtu anataka chake." Ukisoma chako na fundi mwenzako akakubashiria mara moja, hujaficha vya kutosha. Rudia.

Mmarekani mmoja, William Gordon, aliyeandika kitabu kuhusu mambo haya mwaka 1961, alikuwa na mtindo unaofanana na huu: aliwakusanya watu wa fani mbalimbali, akawapa jambo kwa ujumla wake tu, na tatizo lenyewe akalijua kiongozi peke yake. Aliogopa kwamba wakilijua mapema watalikimbilia jibu la kwanza na kuling'ang'ania. Nikisoma habari zake nacheka kidogo. Bibi zetu walikuwa wanatuficha jibu kila jioni jikoni, na hakuna aliyewapa jina la kitaalamu.

Ukishatunga, katege kwa watu wasiofanya kazi yako. Mimi nilianza na mama anayetuuzia chai. Akajibu papo hapo: "Daladala za jioni stendi." Jirani wa duka la dawa akasema, "Ni sisi Wachaga Desemba, mji mzima unataka kupanda kwao siku moja," tukacheka mpaka wateja wake wakatuangalia. Kijana wa bodaboda akasema choo cha baa, nami hilo nililiandika pia, maana sheria ni kuandika yote. Mwishoni akapita mama mmoja wa Kibosho na ndizi zake kichwani. Nikamsalimu, nikamtegea. Hakusimama hata kutua mzigo. "Ni maji ya mfongo, mwanangu. Masika nani anayataka?" Mfongo ni mfereji wetu wa asili wa kumwagilia mashamba.

Mbali, lakini uwe umekigusa

Hapo una orodha, na unatakiwa kuchagua. Kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni ukaribu. Angetokea mtu akaniambia "kama saluni sikukuu ya Pasaka", angekuwa sahihi, ila nisingepata kitu. Saluni nayo inapokea advansi, nayo inasema njoo kesho, nayo inakodi wasusi. Jirani yako ana ujanja uleule ulionao wewe. Wa pili ni umbali usio na mikono. Ukiniambia tatizo langu ni kama chombo cha angani, nitaitikia kwa adabu, lakini chombo cha angani sikijui ndani, kwa hiyo nitakachokitoa humo ni maneno matupu. Chagua kitu kilicho mbali na kazi yako lakini ulichowahi kukishika, au ambacho unaweza kwenda kumtazama mtu akikifanya.

Mfano ninaoupenda ni wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Mtoto akitoka kupasuliwa moyo inabidi ahamishwe kutoka chumba cha upasuaji hadi kwa wahudumu wa wagonjwa mahututi, na mirija, mashine, na taarifa zake zote. Hapo katikati vitu vilikuwa vinasahaulika. Madaktari wawili, Martin Elliott na Allan Goldman, walikuwa wanatazama mashindano ya magari ya Formula 1 kwenye televisheni, wakaona jinsi kikosi kizima kinavyolivamia gari, kinabadili matairi kwa sekunde chache, na kila mtu ana jambo lake moja. Wangeweza kuishia kusema "tuwe kama wale". Badala yake waliwatafuta watu wa timu ya Ferrari wakakaa nao. Wakajifunza nani anatoa amri ya kuondoka, nani anaruhusiwa kusema, nini kinatangulia nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba makosa ya vifaa na taarifa zilizosahaulika vilipungua. Wazo la kufananisha lilichukua dakika. Kazi ilikuwa huko kwenye kuuliza.

Kichambue hadi kwenye tope

Hapa ndipo wengi wanapokosea mwendo, na ndipo nitakapokaa zaidi. Watu hupata mfano mzuri, wanaufurahia, wanaurudia kwenye kikao, basi. Mfano haujafanya kitu bado. Sahau tatizo lako kwa muda, andika ukurasa mzima kuhusu kile kitu kingine tu, kinavyofanya kazi kipande kwa kipande, na yale madogo ya kijinga ndiyo uyaandike zaidi.

Mimi mfongo naujua tangu utotoni, upande wa mama. Maji yanachukuliwa juu kabisa, kwenye korongo. Panapangwa mawe, matawi, udongo na magome ya mgomba, na mto wenyewe hauzuiwi, ila maji kidogo yanabembelezwa yageukie pembeni. Mfereji unakatwa ukifuata ubavu wa kilima: ukiuinamisha sana maji yanakula udongo, ukiulaza sana tope linajaa. Chini yake kuna matoleo, yaani milango ya maji, kuelekea kila kihamba, shamba la nyumbani la familia, na kila toleo limezibwa kwa bonge la udongo na gome la mgomba. Kufungua ni kwa zamu. Asubuhi familia hizi, alasiri zile, na anayefungua si zamu yake anajulikana hadi jioni. Usiku hakuna anayemwagilia, ila maji hayalali. Yanaingizwa kwenye bwawa dogo, nduwa, linajaa polepole wakati watu wamelala, alfajiri linafunguliwa na maji yanashuka kwa nguvu ambayo mfereji peke yake haina. Na kabla ya kiangazi kuna msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unazibuliwa majani na tope, asiyekuja anatozwa.

Ukimaliza, ndipo unarudi kazini na kukiuliza kila kipande: wewe kwangu ni nani?

Nduwa ilinijibu kwanza. Ni nini kinaweza kujaa polepole wakati hakuna anayekitaka? Nikakaa nalo juu ya meza ya kukatia. Shati zima siwezi kulishona Novemba, sina vipimo vya mtoto. Lakini shati si kitu kimoja. Mfuko wa kifuani haujali mtoto ana mabega gani. Vijitanzi vya mkanda havijali. Kola zina saizi chache tu zinazojirudia. Kwa hiyo tangu wakati huo, Oktoba hadi Desemba mapema, mikono ikiwa mitupu, tunajaza: mifuko imeshapigwa pasi na kupindwa kingo, kola zimeshageuzwa na ncha zimechongoka, vijitanzi vimekatwa vimo kwenye makopo ya maziwa kwa rangi. Januari vinashuka vyote kwa pamoja.

Zamu nayo ilijibu, tena kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilifikiri nitawapangia wazazi siku ili foleni ipungue tu. Kwenye mfongo, hata hivyo, zamu haipangwi mtu mmoja mmoja, wanapangwa walio kwenye toleo moja. Nani kwangu wako kwenye toleo moja? Watoto wa shule moja. Basi Jumatatu ikawa shule ya msingi hii na ile, sketi za bluu na mashati meupe. Jumanne sekondari ya kijani. Jumatano ya damu ya mzee. Waliofurahi zaidi si wazazi, ni yule kijana wa overloki. Overloki inakula koni tatu za uzi au zaidi, na kila ukibadili rangi unafunga fundo uzi mpya kwenye ule wa zamani, unauvuta taratibu upite kwenye matundu yote. Fundo likikatikia njiani unatunga upya ukiwa umekodoa macho. Zamani alikuwa anabadili rangi kila saa. Sasa rangi moja inaanza asubuhi mpaka jioni.

Msaragambo ukawa siku ya mashine. Tunazifungua, tunapiga brashi ule uchafu wa nyuzi uliojikunja kwenye bobini, tunatia mafuta, tunabadili sindano butu. Faini ya asiyefika tuliijadili pia, wakaipigia kura wakaikataa, na mimi sikulazimisha.

Ile hatua ya "kubembeleza maji" haikunipa chochote. Nimeigeuza, nimeipindua, hola. Vipande vingine ni vya kuachwa, usivipe maana kwa nguvu ili ukurasa wako ujae.

Panapogoma

Kisha tafuta mahali mfano unapokataa kabisa, maana kila mfano una mpaka na ukivuka bila kujua utajiumiza. Maji ni maji. Toleo lako likipokea maji yaliyopangiwa jirani, mgomba haulalamiki kwamba hayakuwa saizi yake. Sare ina mwenyewe. Tulipoanza kukusanya kazi za shule nzima kwa siku moja, mashati meupe yote yakawa ndugu, na shati la mtoto mnene kumpa mwembamba ni ugomvi wa asubuhi nzima.

Pale ilipogoma ndipo nilipouliza: basi ni kitu gani kinachokusanywa pamoja lakini kila kimoja kinamjua mwenyewe? Hicho ni kitendawili kipya, na unakitega upya. Jibu lililotufaa lilikuwa ng'ombe wa wafugaji wanaochunga pamoja, wenye alama masikioni. Sasa kila kipande, tangu kikikatwa, kinashikizwa kitambaa chakavu cha rangi chenye namba ya daftari, mahali palepale: mshono wa ubavu wa kushoto.

Kopo

Usisubiri mifano ije yenyewe. Haiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu tatizo lililotungwa zamani na Karl Duncker: mgonjwa ana uvimbe, kuna mionzi inayoweza kuuua, ila ikiwa na nguvu ya kutosha inaua na nyama nzima njiani. Ufanyeje? Jibu ni kutuma mionzi dhaifu kutoka pande nyingi, ikutane pale kwenye uvimbe. Bila msaada alipata kama mtu 1 kati ya 10. Wengine walisomeshwa kwanza hadithi ya jemadari aliyetaka kuteka ngome; barabara zimetegwa mabomu, jeshi kubwa haliwezi kupita, akaligawa makundi madogo kila barabara wakakutane ngomeni. Jibu liko mle ndani! Lakini waliolitumia bila kuambiwa walikuwa kama theluthi tu. Walipoambiwa "itumie ile hadithi", wakafika kama robo tatu. Hadithi wanayo kichwani, hawakuiita.

Mimi naita kwa kopo. Ni kopo la majani ya chai lenye vikaratasi, kila kimoja kazi au kitu ambacho mmoja wetu anakijua kwa mikono: kuchoma matofali, mnada wa mbuzi, kupika mbege, kuuza mitumba Kiboriloni, kulea vifaranga. Weka na kazi walizofanya wazazi wenu, hizo zina utajiri. Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna aliyechapisha mwaka 1761 namna ya kumgonga mgonjwa kifuani kwa vidole na kusikiliza kama ndani kuna maji, alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba kugonga mapipa kujua kinywaji kimeishia wapi alikuona nyumbani kwao. Nani hapa Moshi hajawahi kugonga tenki la maji?

Kikaratasi cha faida kubwa mwaka uliopita kilikuwa cha mtoto wa dada yangu, ambaye ni "mgumu", yaani anabeba mizigo ya watalii mlimani Kilimanjaro. Nilikuwa na binti mpya anayejifunza, kila jioni anaondoka amenuna. Kazi za wanagenzi tunazipanga rahisi kwanza, ngumu baadaye, kwa hiyo siku yake ilikuwa inaishia kwenye kola iliyokataa. Nikavuta "kupandisha wageni". Kijana akanieleza: njia ya Machame, wageni wanapandishwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, kisha siku hiyohiyo wanashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Mwili unaonja ugumu halafu unapumzika palipo na hewa. Tukamgeuzia ratiba yule binti. Kola saa nne asubuhi, akiwa na nguvu, hata ikimshinda. Jioni anamalizia pindo za sketi, kitu anachokiweza, anakunja kazi iliyokamilika kwa mikono yake. Kununa kukaisha kabla kola haijanyooka.

Kuna na zoezi la kujifanya kitu chenyewe, Gordon naye alilitumia: wewe ni zipu, sema unaumia wapi. Vijana wanalipenda. Mmoja alisema, "Mimi zipu, wananivuta juu huku kiuno hakijafungwa kishikizo," na ni kweli, ndiyo sababu zipu za sketi zilikuwa zinapasuka chini. Sasa mteja akija kujaribu tunamfundisha kufunga kishikizo kwanza. Lakini lifanyeni mkiwa mmezoeana, la sivyo watu wanaona haya wanakaa kimya.

Vuta kikaratasi kimoja tu kwa tatizo moja, kaa nacho angalau muda wa kunywa chai na maandazi kabla ya kukitupa. Cha kwanza hakikufaa, vuta cha pili. Cha tatu nacho kikigoma, rudi ukaandike kitendawili upya, pengine ulichokitega siyo tatizo lenyewe. Na badilisheni vikaratasi mara kwa mara. Cha "harusi" mimi nimekitoa kabisa koponi: kila kikivutwa, watu wanaanza kuhesabu nani alichanga na nani hakuchanga, na overloki inakaa kimya mpaka saa nane.